Biashara Ndogo Katika Mitandao ya Kijamii: Wateja Wapo, Kazi Iliyobaki ni Kuaminika

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilitungwa katika zama ambazo muuzaji na mnunuzi walikutana ana kwa ana, kitambaa kikashikwa, mchele ukanuswa, na sifa za bidhaa njema zikasambazwa na majirani. Leo methali hiyo imepata mtihani. Katika mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, kabla wateja wa asubuhi hawajaanza kufika, muuzaji wa nguo hulitundika gauni jipya mlangoni, hulipiga picha mbele, nyuma na ubavuni, kisha huzituma picha hizo kwenye ukurasa wake zikiambatana na maneno ambayo Watanzania wengi wamekwisha kuyazoea: "Mikoani tunatuma." Kizuri nacho kimeanza kujitembeza.

Mabadiliko hayo yamevuka hatua ya kuwa mtindo wa vijana wa mjini. Mpishi wa keki wa Arusha, mshonaji wa Tabora, muuza viungo wa Zanzibar, fundi wa samani wa Keko na mfugaji wa kuku wa Singida wote wanaweza kuonekana katika kioo kimoja cha simu. Mitandao ya kijamii imekuwa mahali pa kawaida pa kutafutia bidhaa, kama ilivyokuwa gulio la Jumamosi kwa kizazi kilichotangulia.

Hata hivyo, kuonekana na kuuza ni mambo mawili tofauti. Mfanyabiashara mdogo anayetangaza mtandaoni leo hasumbuliwi sana na uhaba wa watazamaji. Kinachomsumbua ni namna ya kumfanya mtu asiyemjua, aliye mkoa mwingine, amwamini na fedha yake. Hapo ndipo manufaa ya mitandao kwa biashara ndogo yanapoamuliwa, na hapo ndipo sheria, taasisi za umma na mwenendo wa muuzaji mwenyewe vinapokutana.

Simu, fedha na picha vyakutana

Mitandao hii haikuanza kama uwanja wa biashara. Facebook ilianzishwa mwaka 2004 ikiwalenga wanafunzi wa vyuo nchini Marekani. WhatsApp ilianza mwaka 2009 na kukua kama njia ya kutumiana ujumbe, na Instagram ikafuata mwaka 2010 kama mahali pa kuonyeshana picha. Kwa Tanzania, mambo matatu yalikutana katika kipindi kifupi na kuigeuza mitandao hiyo kuwa soko.

La kwanza ni fedha kuingia kwenye simu. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na kampuni nyingine za simu zikafuata na huduma za aina hiyo. Mtu asiye na akaunti ya benki akaweza kumlipa aliye mkoa mwingine kwa muda wa dakika moja. La pili ni intaneti ya kasi. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma mwaka 2009, wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na Serikali ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ili kuifikisha huduma hiyo mikoani. La tatu ni kushuka kwa bei ya simu janja zenye kamera, ambapo muuzaji alipata kwa mkono mmoja mpiga picha, kibao cha matangazo na daftari la oda.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) nazo zinaonyesha kuwa laini zinazotumia intaneti zimekwisha kuvuka milioni 30. Idadi hiyo inapaswa kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kumiliki laini mbili au tatu. Pamoja na tahadhari hiyo, ukweli unabaki kuwa hakuna soko, gulio wala maonesho ya biashara yanayoweza kukusanya umati wa aina hiyo kwa siku moja.

Dirisha la duka lisilo na kodi ya fremu

Ili kuelewa kwa nini mabadiliko haya yana uzito wa pekee kwa wadogo, ni vema kurejea Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003. Sera hiyo inaiita biashara kuwa ndogo sana pale inapokuwa na wafanyakazi wasiozidi wanne na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Kwa mtaji wa kiwango hicho, kupata fremu katika eneo lenye wateja wengi ni mzigo mzito. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na katika baadhi ya maeneo mpangaji mpya hudaiwa pia fedha ya kilemba. Mara nyingi mtaji humalizikia mlangoni kabla bidhaa hazijaingia ndani.

Matangazo nayo yalikuwa ya wenye uwezo. Nafasi katika gazeti, sekunde thelathini za redio au bango la barabarani vilikuwa na bei ambayo mama anayesindika pilipili nyumbani asingeweza kuifikiria. Mitandao ya kijamii imeshusha gharama hiyo hadi kiwango cha bando la siku. Muhimu zaidi, imempa muuzaji kitu ambacho tangazo la redio halikuwa nacho, yaani majibu. Mteja huuliza ukubwa, rangi, uzito na mahali. Muuzaji hujifunza kwa siku moja ni bidhaa gani inayotafutwa na ni ipi inayopita bila kuangaliwa.

Mitandao haifanani kwa kazi, na wauzaji wazoefu wanalijua hilo. Instagram na TikTok huwafikisha kwa watu wasiowafahamu, kwa kuwa picha au video fupi inaweza kuonyeshwa kwa mtu yeyote. Makundi ya Facebook huwakutanisha watu wa eneo au shughuli moja, kama vile wafugaji au wauzaji wa vifaa vilivyotumika. WhatsApp hufanya kazi ya ndani zaidi. Huko ndiko mteja aliyekwisha kununua mara moja hubaki, huona bidhaa mpya kwenye hali ya siku, huagiza tena na kumleta ndugu yake. Tangu mwaka 2018 kumekuwapo na toleo la WhatsApp kwa ajili ya biashara, ambalo humwezesha muuzaji kuweka anwani, saa za kazi na orodha ya bidhaa zake.

Kwa mantiki hiyo, idadi ya wafuasi peke yake si kipimo cha biashara. Ukurasa wenye wafuasi elfu hamsini waliovutiwa na vichekesho unaweza kuuza kidogo kuliko orodha ya wateja mia mbili wanaomwamini mshonaji wao. Anayetumia mtaji wake mdogo kununua wafuasi wa bandia hununua namba, na namba hainunui kitu.

Nani atangulie?

Chukua mfano wa mtengeneza batiki wa Morogoro na mnunuzi wa Mbeya. Mnunuzi ameiona batiki mtandaoni na ameipenda. Bei ni shilingi 60,000 pamoja na nauli ya mzigo kwa basi. Wote wawili wanaitaka biashara hiyo, lakini inakwama katika swali moja, nalo ni nani atangulie. Mnunuzi akituma fedha kwanza, huenda asiuone mzigo. Muuzaji akituma mzigo kwanza, huenda asiione fedha. Dukani swali hilo halipo, kwa kuwa mkono mmoja hutoa na mwingine hupokea. Mtandaoni ndilo kiini cha biashara yote.

Hofu hiyo haikuzuka bure. Wapo matapeli wanaochukua picha za bidhaa za watu wengine na kufungua duka hewa. Wapo wanaonakili jina na nembo ya ukurasa unaojulikana, wakabadilisha herufi moja na kuweka namba yao ya simu. Wapo wanaotuma bidhaa tofauti na iliyo kwenye picha, kisha wakamzuia mteja asiweze kuwatumia ujumbe tena. Wauzaji nao hawajasalimika. Mteja wa uongo hutuma ujumbe uliotungwa ufanane na ujumbe wa muamala, na muuzaji asiyeangalia salio lake humkabidhi dereva wa bodaboda mzigo ambao haujalipiwa.

Hasara ya utapeli huwa haiishii kwa aliyetapeliwa. Mnunuzi aliyepoteza shilingi 60,000 hurudi kununua kwa watu anaowafahamu tu, na huwasimulia wengine kisa chake. Muuzaji mwaminifu wa Morogoro, ambaye hakuhusika kwa lolote, hulipa faini ya kosa la mtu mwingine kwa kukosa mteja. Matokeo yake, mtandao uliotakiwa kulifanya soko lake liwe nchi nzima humrudisha kwenye mtaa wake. Samaki mmoja akioza, wahenga walisema, wote huoza. Na katika soko la mtandaoni harufu husafiri haraka zaidi.

Wafanyabiashara wamebuni njia za kati. Wapo wanaopokea nusu ya malipo kabla na nusu baada ya mzigo kufika. Wapo wanaoruhusu malipo mlangoni kwa wateja wa mji mmoja. Wapo wanaopiga picha ya mzigo ukiwa umefungwa, pamoja na stakabadhi ya basi yenye namba ya gari, na kumtumia mteja kabla basi halijatoka Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi. Njia hizo ni nzuri, lakini zinategemea hiari ya pande mbili. Ili soko likue, imani inahitaji kusimama juu ya mambo yanayoweza kuthibitishwa na mtu yeyote.

Nyenzo za kujenga imani

Nyingi ya nyenzo hizo zimekwisha kuwapo, na baadhi ya wafanyabiashara wadogo hawazitumii kwa kudhani ni za makampuni makubwa. Ya kwanza ni jina. Mtu anayefanya biashara kwa jina lisilo lake mwenyewe anatakiwa kulisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), na usajili huo hufanyika kwa njia ya mtandao. Jina lililosajiliwa lina manufaa mawili kwa muuzaji wa mtandaoni: humpa mnunuzi mahali pa kuhakiki, na humpa muuzaji hoja pale jina lake linapoigwa na tapeli.

Ya pili ni namba ya malipo. Anayelipa kwa namba ya biashara, maarufu kama lipa namba, huona jina la biashara kabla ya kuthibitisha muamala. Jina hilo likilingana na jina la ukurasa, sehemu kubwa ya shaka huondoka. Lisipolingana, mnunuzi hupata onyo kabla fedha haijatoka. Aidha, Benki Kuu ya Tanzania imejenga Mfumo wa Malipo ya Papo kwa Papo, unaojulikana kwa kifupi TIPS, ambao unawezesha fedha kusafiri kati ya mitandao ya simu na benki tofauti. Mteja hahitaji tena kuwa na laini ya kampuni ile ile anayoitumia muuzaji.

Ya tatu ni ubora unaothibitishwa. Kwa vyakula vilivyosindikwa, sabuni na vipodozi, picha haiwezi kuonyesha usalama. Alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hufanya kazi hiyo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, limekuwa kiungo kati ya wasindikaji wadogo na TBS, ikiwa ni pamoja na kuwapa mafunzo na barua za utambulisho. Msindikaji anayeweka alama hiyo kwenye picha za bidhaa zake humpa mnunuzi wa mbali kile ambacho zamani kilipatikana kwa kuonja.

Ya nne ni anwani. Kwa miaka mingi mzigo ulielekezwa kwa maneno: shuka kituoni, uliza duka la dawa, kata kushoto penye mwembe. Operesheni ya Anwani za Makazi iliyofanyika mwaka 2022 iliwezesha mitaa na nyumba kupewa majina na namba, na programu ya NaPA inamwezesha mwananchi kuitambua anwani yake na kuitumia. Muuzaji mwenye anwani hufahamika anakopatikana, na mteja mwenye anwani hufikiwa na bodaboda bila simu kumi za kuelekezana.

Ya tano ni sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba inayofanyika kwa njia ya kielektroniki na ina vifungu vya kumlinda mlaji, vikiwamo vinavyomtaka muuzaji ampatie mnunuzi taarifa zinazomtambulisha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaufanya udanganyifu kwa kutumia mifumo ya kompyuta na kujifanya mtu mwingine kuwa makosa ya jinai. Kwa mantiki hiyo, mazungumzo ya WhatsApp kati ya muuzaji na mnunuzi si porojo. Ni kumbukumbu zinazoweza kutumika kama ushahidi, na kila upande una sababu ya kuzitunza.

Mwananchi anayepata ujumbe wa kitapeli kwa simu anaweza kuiripoti namba husika kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, na anaweza kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kwa kupiga *106#. Aliyekwisha kuibiwa anapaswa kutoa taarifa Polisi mapema, akiwa na namba ya muamala, picha za mazungumzo na jina la ukurasa. Wengi hunyamaza kwa kuona aibu au kwa kuhesabu kuwa kiasi ni kidogo, na ukimya huo ndio mtaji wa tapeli.

Bei iwe wazi

Lipo jambo moja ambalo halihitaji taasisi wala sheria mpya, nalo ni bei. Katika kurasa nyingi za biashara, mteja anayeuliza bei hujibiwa "njoo inbox". Wauzaji wana sababu zao. Wanahofia washindani kushusha bei kwa shilingi mia tano, wanataka nafasi ya kupatana, na wale wanaoagiza bidhaa nje ya nchi husema gharama zao hubadilika kila mzigo unapoingia.

Sababu hizo zinaeleweka, ila gharama yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mteja anayeifichwa bei huhisi kwamba anapimwa kabla ya kutajiwa, kwamba bei yake itategemea picha yake, lafudhi yake au mtaa anaoishi. Wengi hupita bila kuuliza. Muuzaji naye hutumia saa nyingi kujibu swali lile lile kwa watu arobaini, wakati mstari mmoja chini ya picha ungewajibu wote. Bei iliyoandikwa hadharani ni ahadi ya kwanza ya muuzaji kwa mtu asiyemjua, na aghalabu imani huanza na ahadi ndogo iliyotimizwa. Palipo na nafasi ya kupatana, inatosha kuandika kuwa maelewano yapo.

Taarifa za mteja si mali ya muuzaji

Katika kutafuta kuaminiwa, baadhi ya wauzaji wameingia katika tabia inayohitaji kuangaliwa upya. Ili kuonyesha kuwa wateja wao ni wa kweli, huweka hadharani picha za mazungumzo, ujumbe wa malipo wenye jina na namba ya simu ya mteja, au picha ya mteja akiwa amevaa nguo aliyonunua. Wapo pia wanaomwanika mteja aliyechelewa kulipa kwa kuweka picha na jina lake ili apate aibu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili, 2024. Msingi wa sheria hiyo ni rahisi kueleweka hata kwa mwenye genge: taarifa ya mtu iliyotolewa kwa kusudi moja isitumike kwa kusudi jingine bila ridhaa yake. Mteja alitoa namba yake ili aletewe mzigo, hakuitoa ili iwe tangazo. Ushuhuda wa mteja ni silaha njema ya biashara, mradi mteja mwenyewe ameombwa na amekubali, na namba yake imefichwa. Deni nalo lina njia zake za kisheria za kudaiwa.

Kibanda kwenye kiwanja cha kupanga

Manufaa ya mitandao yasimfanye mfanyabiashara asahau kuwa ukurasa wake ni kibanda kilichojengwa kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Tarehe 4 Oktoba, 2021, huduma za Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Tarehe 12 Mei, 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM iliathiri intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Mbali na matukio hayo makubwa, ukurasa unaweza kudukuliwa, kufungiwa na kampuni inayoumiliki mtandao, au kupoteza watazamaji kwa sababu tu utaratibu wa kuonyesha picha umebadilishwa huko ughaibuni.

Kwa muuzaji aliyeweka wateja, oda na madeni yake yote ndani ya simu moja, siku kama hiyo ni siku ya duka kuungua. Kinga yake ni ya zamani kuliko intaneti yenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mauzo, orodha ya wateja waliokubali kutafutwa, na namba ya simu ya kawaida inayofahamika kwa wateja humwezesha kuendelea na kazi hata mtandao ukiwa umelala. Uthibitisho wa hatua mbili katika akaunti, ambao huchukua dakika chache kuuweka, huzuia sehemu kubwa ya udukuzi. Kutompa mtu yeyote namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe ni kanuni isiyo na ubaguzi, hata kama anayeiomba anajitambulisha kuwa mtoa huduma.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Anayeomba mkopo, uwe huo au wa benki, huulizwa biashara yake inaingiza nini. Wingi wa wafuasi haujibu swali hilo. Mtiririko wa malipo katika lipa namba na kurasa za daftari hulijibu.

Urasimishaji na hofu yake

Haitakuwa haki kuzungumzia usajili bila kugusa hofu inayouzunguka. Wauzaji wengi wa mtandaoni hubaki bila jina lililosajiliwa kwa sababu wanaamini siku wakijulikana ndiyo siku ya kuandamwa na kodi, leseni na ada. Ni kweli kuwa biashara ya mtandaoni ni biashara kama nyingine, na mwenye kipato anawajibika kwa sheria zile zile zinazomhusu mwenye fremu. Mwenye fremu naye ana haki ya kulalamika pale jirani yake anapouza bidhaa hiyo hiyo kwa simu bila kuchangia chochote.

Hata hivyo, hofu hupungua kwa maelezo kuliko kwa vitisho. Mama anayeuza maandazi ya oda tano kwa siku na muagizaji wa makontena anayeuza kupitia Instagram hawako katika ngazi moja, na sheria za kodi zinatofautisha wafanyabiashara kwa kiwango cha mauzo. Elimu ya mlipakodi inayotolewa kwa lugha nyepesi, katika mitandao ile ile ambako wauzaji hao wanapatikana, ina nafasi kubwa ya kuwaleta katika mfumo rasmi. Maofisa biashara na maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri wako karibu zaidi na watu hao, na wanaweza kuwasaidia kusajili jina, kupata lipa namba na kuandaa ukurasa wao katika kikao kimoja.

Lipo pia kundi ambalo bado halijafika hata kwenye mlango wa soko hilo. Mei 2023, Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 ya mawasiliano katika kata 713 nchini. Kila mnara unaowashwa kijijini huongeza wanunuzi, na pia huongeza wauzaji: mfinyanzi, msusi wa mikeka, mrina asali, mkulima wa vitunguu. Kwa hao, mnara ni mwanzo wa safari tu. Watahitaji kujua kupiga picha kwenye mwanga wa asubuhi, kuandika uzito na bei, kufungasha mzigo usivunjike njiani, na kutambua ujumbe wa malipo ulio wa bandia.

Katika hayo yote, wajibu umegawanyika. Taasisi za umma zina kazi ya kufanya huduma zao zipatikane kwa urahisi, na kushughulikia kwa haraka taarifa za utapeli, hata ule wa shilingi elfu kumi. Mnunuzi ana kazi ya kuangalia jina kabla ya kubonyeza namba ya siri, na kutoa taarifa anapoibiwa. Muuzaji ana kazi ya kuwa mtu yule yule mtandaoni na sokoni.

Mtengeneza batiki wa Morogoro akiandika bei chini ya picha, akapokea fedha kwa jina la biashara lililosajiliwa, akatuma stakabadhi ya basi na akajibu simu baada ya mzigo kufika, mnunuzi wa Mbeya hatauliza tena nani atangulie. Ataagiza mara ya pili, na safari hiyo atakuja na jirani yake. Huko ndiko methali ya wahenga inakorudi kuwa kweli: mtandao unaweza kukitembeza kitu chochote hadi machoni pa watu, lakini kinachomrudisha mteja bado ni kizuri chenyewe.